Sanaa ya Bure, Picha za HD za Kulipia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaoniuliza maswali haya kuhusu sanaa inayokokotolewa na kompyuta za watu wengi ni wa aina tatu: wanaotaka kuazimisha kompyuta zao kwa mradi wa sanaa, wanaofikiria kulipia picha za ubora wa juu, na wanaotaka kuanzisha mradi wao. Makundi mawili ya kwanza nimekuwamo kwa miaka mingi, la tatu kwa muda mfupi. Pale nilipo na msimamo nimeusema waziwazi.

Sanaa inayorendwa na jamii ni kitu gani hasa?

Kurenda ni kuifanya kompyuta ikokotoe rangi ya kila nukta ya picha, fremu baada ya fremu (fremu ni picha moja kati ya zile zinazounda video), mpaka video itimie. Kazi hiyo hula muda. Tuseme video ya sekunde 10 ina fremu 30 kila sekunde. Jumla ni fremu 300. Kama fremu moja inachukua dakika 5, kompyuta moja itahangaika na video hiyo kwa saa 25. Sasa wagawie watu 300 ambao kompyuta zao zimewashwa bila kazi, kila mmoja fremu yake. Ukiacha muda wa kutuma na kupokea, video nzima imepatikana kwa dakika 5 zilezile.

Mradi uliolifanya jambo hili lijulikane ni Electric Sheep, ulioanzishwa na Scott Draves, msanii na mwanaprogramu wa Marekani, mwaka 1999. Ni skrinisava. Ukiiacha kompyuta imepumzika, inakuonyesha maumbo yanayojikunja na kujikunjua, na wakati huohuo inakokotoa fremu za maumbo mapya na kuzituma kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mradi. Seva inaziunganisha kuwa video, kisha inawapelekea washiriki wote. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilizindua SETI@home, ambapo watu wa kawaida waliazimisha kompyuta zao kutafuta ishara za viumbe wa mbali angani. Wazo la kuazimana mashine lilikuwa limeiva, na Draves alilipeleka kwenye sanaa.

Kwa nini zinaitwa kondoo, na mimi mtazamaji nina sehemu gani?

Kila video fupi katika mradi huo ni "kondoo", na kondoo wote kwa pamoja ni kundi. Umbo la kondoo linatokana na miali ya frakta (frakta ni umbo linalojirudia ndani yake kwa udogo), mbinu ya kuchora aliyoibuni Draves mwenyewe mwaka 1992. Kondoo ana vinasaba vyake: orodha ya namba iliyo kwenye faili dogo la maandishi, kilobaiti chache tu. Badilisha namba moja kidogo, na mkunjo uliokuwa kama utepe unageuka unyoya.

Ukimpenda kondoo aliye kwenye skrini, unabonyeza kitufe cha mshale wa juu. Usipompenda, mshale wa chini. Kura inakwenda kwenye seva. Wanaopendwa hukaa muda mrefu na huzaa: vinasaba vya wawili vinachanganywa, au vya mmoja vinaguswa hapa na pale. Wasiopendwa huondolewa.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Usiku mmoja nilikuwa nimezima taa, skrini ndiyo iliyobaki. Alipita kondoo wa buluu nzito, ukingo wake ukiwa na uzi mwembamba wa dhahabu uliokuwa ukivutwa taratibu kuelekea kati, kama mtu anayeshona bila kuonekana. Nilibonyeza mshale wa juu. Siku kadhaa baadaye nikaona mwingine ambaye sikuwahi kumwona, mwekundu, lakini uzi uleule wa dhahabu ulikuwepo. Sina hakika kama kura yangu ndiyo iliyoamua. Wako watu wengine wengi ambao nao walibonyeza, katika vyumba vyao, bila kujuana. Ninapoulizwa kwa nini mradi wa aina hii lazima ubaki bure, jibu langu linaanzia kwenye kitufe hicho. Ukiweka malipo mbele ya kitufe cha kura, wanaochagua sura ya sanaa wanabaki kuwa wenye kadi za benki peke yao, na kundi linaanza kufanana na wao tu.

Kama kompyuta ni za watu na programu ni ya bure, fedha za nini?

Za seva kwanza. Kuna kitu lazima kikae macho saa 24 kugawa kazi, kupokea fremu, kuhesabu kura na kuhifadhi video. Halafu kuna usafirishaji wa data, ambao ndio huwashtua waanzilishi wengi. Piga hesabu mwenyewe: video moja ya megabaiti 5, washiriki 10,000, kila mmoja apokee video 100 kwa mwezi. Hizo ni terabaiti 5 zinazotoka kwenye seva. Ongeza ubora hadi kila video ifike megabaiti 20, na terabaiti zinakuwa 20. Umaarufu, ambao kwa msanii mwingine ungekuwa neema, hapa unakuja na bili. Kupakua kwa njia ya toranti, ambapo washiriki wanapeana vipande vya faili wao kwa wao, kunapunguza mzigo huo lakini hakuuondoi.

Kisha kuna binadamu. Mfumo wa Windows au macOS ukibadilika, programu inagoma, na mtu lazima akae na kuirekebisha. Miradi mingi ninayoijua haikufa kwa kukosa wapenzi. Ilikufa kwa sababu yule mmoja aliyekuwa akiirekebisha usiku baada ya kazi alichoka.

Mbona wasitegemee michango au matangazo?

Matangazo siyapendi hapa hata kidogo. Skrini iliyotulia gizani ndiyo ukumbi wa maonyesho wa sanaa hii. Ukipitisha tangazo umeuvunja.

Michango ni jambo jema, na inaweza kufanya makubwa inapokuwa na lengo moja lenye tarehe. Mwaka 2002 wapenzi wa Blender, programu ya kutengenezea picha za pande tatu, walichanga euro 100,000 kwa wiki saba ili chanzo chake, yaani maandishi ya programu yenyewe, kiwekwe huru. Lakini bili ya seva haina siku ya ushindi. Inakuja mwezi huu, na ule, na ule mwingine, na kampeni ya kumi haiamshi watu kama ya kwanza.

Ipo njia ya tatu ambayo naiheshimu sana: kuuza mapema, kisha kutoa bure. Filamu fupi ya Elephants Dream ya mwaka 2006, iliyotengenezwa kwa Blender, ilichangiwa kwa watu kununua DVD kabla haijakamilika. Ilipotoka, iliwekwa mtandaoni kwa leseni ya Creative Commons ili kila mtu aipate na kuitumia. Kwa kazi yenye mwanzo na mwisho, nadhani hakuna mpango mzuri kuliko huo. Kundi la kondoo halina mwisho. Ndiyo maana usajili wa HD, yaani kulipia kila mwezi picha za ubora wa juu, unalifaa zaidi: gharama ni ya kila mwezi, na mapato nayo yanakuja kila mwezi.

HD ina nini ambacho toleo la bure halina?

Nukta, na utulivu wa picha.

Kwa miaka mingi kondoo wa kawaida walikuwa na upana wa nukta 800 na urefu wa 592. Hizo ni nukta 473,600. HD kamili, 1920 kwa 1080, ni nukta 2,073,600, zaidi ya mara nne. 4K, ubora wa juu kuliko HD, ni mara nne ya hiyo tena. Kila nukta inahitaji kukokotolewa, kwa hiyo muda wa kurenda nao unapanda.

Idadi ya nukta si habari yote, hata hivyo. Miali ya frakta huchorwa kwa kurusha mamilioni ya vidoa kwa kubahatisha, kisha kuhesabu vingapi vimeangukia kila sehemu. Vidoa vikiwa vichache, picha inakuwa na punjepunje, hasa sehemu zenye giza, kama ukuta uliopigwa rangi mkono mmoja tu. Vikiongezwa, zile punje zinayeyuka na unaona vitambaa vyembamba vilivyopishana, kimoja nyuma ya kingine. Kisha video inabanwa ili iwe nyepesi kusafirishwa, na mbano mkali huacha vipande vya mraba mahali ambapo rangi ilitakiwa kufifia polepole. Yule kondoo wangu wa buluu, katika toleo la bure, alikuwa na ngazi tatu au nne za buluu ukingoni. Nilipomwona katika HD, ngazi hazikuwepo. Buluu iliingia kwenye weusi bila mahali pa kusema hapa ndipo ilipoanza.

Kwa simu au skrini ndogo ya kompyuta mpakato, sikushauri ulipie. Tofauti ni ndogo mno. Kwa televisheni kubwa au projekta ukutani, ni vitu viwili tofauti.

Nimerenda kwa umeme wangu, kisha mtu anauza. Huu si unyonyaji?

Hili ndilo swali kubwa, na anayelikwepa hastahili kuazimwa hata kikokotoo.

Inategemea kinachouzwa. Mshiriki anatoa vitu viwili: muda wa mashine na kura. Kwa kurudisha, anastahili kazi nzima iliyotokana na hivyo. Nasema nzima: kondoo wote, vinasaba vyote, kura sawa na ya kila mtu. Kama anayelipia anapata kondoo yuleyule ila kwa nukta nyingi zaidi, basi kinacholipiwa ni gharama ya ziada ya kumrenda na kumsafirisha. Hapo sioni aliyedhulumiwa. Lakini kama kondoo wazuri wanafichwa nyuma ya malipo, na washiriki wanabaki na makapi ya kazi yao wenyewe, huo ni unyonyaji, hata kama leseni inaruhusu.

Niliwahi kujitolea katika mradi mdogo uliovuka mpaka huo. Mwanzoni waliuza ubora wa picha tu. Mapato yalipokuwa madogo, waliwapa wanaolipia kura zenye uzito mara tatu. Hakuna aliyetangaziwa, tuliligundua kwa kuangalia namba. Baada ya wiki chache watu walianza kuzima mashine zao, mmoja mmoja, bila kelele. Mimi pia nilizima. Sikuwa na hasira ya fedha. Niliumia kwamba kitufe nilichokibonyeza kwa dhati kilikuwa kimepunguzwa thamani nyuma ya mgongo wangu.

Kuna na suala la nani anarenda HD yenyewe. Mradi ukitumia kompyuta za wajitoleaji kwa fremu za kuuzwa, useme hivyo kwenye ukurasa wa kwanza, na umpe mtu uwezo wa kukataa kwa kubofya mara moja. Draves ana kazi ya ubora wa juu zaidi, Dreams in High Fidelity, iliyochaguliwa kutoka kwa kondoo, ikarendwa na kompyuta za washiriki wenyewe, na kuuzwa kwa wakusanyaji wa sanaa kama mchoro wa ukutani unaotembea. Alieleza wazi kwamba faida yake inausaidia mtandao wa Electric Sheep, ambao unabaki bure. Uwazi wa namna hiyo ndio ninaoudai kwa kila mradi.

Ukitaka kupunguza maswali kabisa, renda HD kwenye mashine za kukodi na uzilipe kwa mapato ya usajili. Ni ghali zaidi, ila hesabu inakuwa safi.

Leseni inaruhusu kuuza?

Tenganisha programu na video. Programu huria iliyo chini ya leseni ya GPL inaweza kuuzwa, mradi anayeipokea apewe chanzo na haki zilezile. Video ni habari nyingine. Leseni za Creative Commons, ambazo za kwanza zilitolewa Desemba 2002, ziko za aina kadhaa. Ile yenye sharti la kutofanya biashara inamzuia mpokeaji kuuza; mwenye haki mwenyewe haimfungi. Kwa hiyo mradi unaweza kuwagawia watu wote video za kawaida kwa leseni hiyo na bado ukauza HD.

Tatizo linakuja pale haki zinapokuwa za wengi. Mshiriki aliyebuni vinasaba kwa mkono na kuvileta kundini ni msanii, na kazi yake haiwezi kuuzwa kwa sababu tu ilipita kwenye seva yako. Mwombe ridhaa mapema, kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa. Nimeona miradi ikirudi kuomba ruhusa baada ya miaka mitano, na nusu ya anwani za barua pepe hazifanyi kazi tena.

Anayelipia hatazisambaza faili za HD kwa wenzake?

Baadhi watasambaza. Usifunge faili kwa makufuli ya kidijiti. Yanawasumbua waliolipa na kuwaacha waliokusudia kunakili wakiendelea. Kundi hai hutoa kondoo wapya kila mara, na faili iliyonakiliwa inabaki ya jana. Watu wanaolipia miradi hii wanajua wanalipia nini.

Bei ipangwe vipi?

Anza na gharama halisi za mwezi, ukiwemo muda wa anayerekebisha programu, kisha ugawe kwa idadi ya walipaji unayoweza kuitarajia bila kujidanganya. Madaraja mawili yanatosha: bure na HD. Nikiona ukurasa wenye shaba, fedha, dhahabu na almasi, najua kuna mtu amekaa kutafuta vitu vya kuwanyima watu.

Wape njia wanaorenda sana. Mtu ambaye mashine yake imetuma fremu elfu kadhaa ameshalipa kwa namna yake, apewe HD. Hilo ni haki, na pia linamfanya asizime.

Kila baada ya miezi mitatu, chapisha mapato na matumizi. Jedwali la mistari sita linatosha.

Umeme wangu je?

Uuhesabu. Kompyuta inayokula wati 150 zaidi ikiwa inarenda, kwa saa 8, imetumia uniti 1.2. Zidisha kwa siku 30, unapata uniti 36. Ni mchango wa kweli, na mradi unaokuambia kuwa "haugharimu chochote" haukuambii ukweli. Kompyuta mpakato irende ikiwa imechomekwa tu, juu ya meza ngumu yenye hewa, kamwe isiwe juu ya godoro. Kama umeme ni mzigo kwako, zima kurenda na ubaki kupiga kura.

Kadi za michoro za siku hizi zina nguvu. Bado jamii inahitajika?

Kwa kurenda, inahitajika kidogo kuliko mwaka 1999. Kadi moja nzuri ya michoro, yaani kifaa cha kompyuta kinachokokotoa picha, leo inachora miali ya frakta kwa kasi ambayo zamani ilihitaji mashine nyingi. Ila 4K na vidoa vingi bado vinaila kadi hiyo. Na hata kama kesho kompyuta moja ingetosha kwa kila kitu, isingejua kondoo yupi anamfanya mtu asimame mlangoni badala ya kwenda kulala. Hilo linajulikana kwa kura tu.

Mradi ukifungwa, kazi zetu zinakwenda wapi?

Uliza kabla hujajiunga. Hata miradi mikubwa hufika mwisho: SETI@home iliacha kugawa kazi kwa wajitoleaji mwezi Machi 2020, baada ya zaidi ya miaka 20. Walitangaza mapema, na watu walipata nafasi ya kuaga.

Kwa sanaa, jambo la kwanza kuhifadhi ni vinasaba. Vikiwa kilobaiti chache kwa kila kondoo, kundi la maelfu linaingia kwenye kifimbo kidogo cha USB, na yeyote mwenye programu anaweza kuwarenda upya kwa ubora wowote, hata ule ambao skrini zake bado hazijatengenezwa. Mradi unaoweka vinasaba na chanzo cha programu mahali pa kupakuliwa bure umewapa washiriki wake urithi mzima. Unaovificha, hata kama video zake ni nzuri kiasi gani, mimi siupi kompyuta yangu.

Nikiacha kulipia, nitanyang'anywa nilichopakua?

Hapana, na kama mradi unasema ndiyo, usilipe tangu mwanzo. Faili ulizopakua ukiwa umelipia ni zako. Kinachosimama ni kupokea HD mpya. Toleo la kawaida linaendelea kuja, kura yako inahesabiwa vilevile, na mshale wa juu uko palepale kwenye kibodi.